Maisha ya Mama Gambuti, Mkaguzi wa Tope

Ndugu waombolezaji, majirani wa mtaa wa chini, wageni mliotoka mbali, na ninyi wawakilishi wa Idara ya Hifadhi ya Udongo mliokaa safu ya mbele kwa kuwa viti vya mbele ndivyo vyenye mito, familia imempa mtoto wa mdogo wake marehemu, ambaye marehemu alimlea na kumwita mwanangu, kazi ya kusoma historia hii, na ieleweke mapema kwamba marehemu mwenyewe alisomewa sehemu yake kubwa akiwa kitandani, akafuta sifa zote alizoona hazina kazi, akaacha lawama zote mahali pake, kwa hiyo mwenye kukwazika akwazike naye, si na msomaji. Wengi wenu mlimwita Mama Gambuti, jina alilobandikwa ofisini kwa kejeli na wenzake ambao hawakuwahi kumiliki viatu vya mvua, naye akalipokea na kulivaa kama alivyovivaa viatu vyenyewe, bila aibu, mpaka hata watoto wake walipoulizwa shuleni jina la mama waliandika hilohilo.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, katika zahanati ya mtaa wa chini, akiwa mtoto wa kwanza kati ya wawili wa fundi uashi na mama aliyekuwa mfanya usafi wa zahanati hiyohiyo, na bibi yetu alipenda kusimulia kwamba siku hiyo maji mekundu yalikuwa yameingia wodini, akajifungua huku mwenzake akisukuma tope kwa fagio chini ya kitanda, na mtoto alipotoka alilia mara moja tu, kisha akanyamaza na kukunja uso, sura ambayo wakandarasi wengi walikuja kuijua vizuri. Mdogo wake alifuata mwaka 1969, naye alikuwa mwepesi wa kucheka kama dada yake alivyokuwa mwepesi wa kununa, wakapendana hivyohivyo, mmoja akichokoza na mwingine akijifanya hachokozeki.

Elimu ya msingi aliipata kuanzia Januari 1968 hadi Novemba 1974 katika shule iliyo chini ya kilima, ambako kila baada ya mvua kubwa watoto waliacha madaftari wakashika majembe kukwangua tope sakafuni, na siku moja, akiwa darasa la nne, alimwuliza mwalimu tope lile ni la nani, mwalimu akamwambia akwangue na aache maswali, jibu ambalo marehemu alikuja kusema kwamba ndilo sera nzima ya Idara, isipokuwa Idara iliiandika kwa kurasa nyingi zaidi na kuipigia muhuri. Aliendelea na sekondari ya wasichana kuanzia 1975 hadi 1978, kisha akajiunga na chuo cha ufundi kusomea udongo na maji, akahitimu mwaka 1981 akiwa mwanamke peke yake darasani, na picha ya mahafali ipo nyumbani, wanaume wote wamevaa tai, yeye amesimama pembeni amekunja uso uleule wa zahanati.

Tarehe 2 Novemba 1981 aliajiriwa na Idara ya Hifadhi ya Udongo kama mkaguzi msaidizi, akapewa meza iliyo karibu na birika la chai, na hapo ndipo alipoanza kuwadharau waajiri wake, dharau ambayo hakuiacha mpaka juzi. Kwa wasiojua kazi hii, mtu akichimba kilima, awe anatafuta kifusi, awe anajenga nyumba, udongo uliolegea huteremka na mvua na kwenda kujaza mitaro, mito na nyumba za watu wa chini, na serikali iliweka ofisi ili ihakikishe kwamba huyo mchimbaji ameweka vizuizi vya kitambaa pembezoni na bwawa la kutegea tope chini ya machimbo, basi, kazi yenyewe ni hiyo, haihitaji mtu kuwa malaika. Lakini Idara ilikuwa na utaratibu wake, ambao mgeni hawezi kuuamini mpaka aone kwa macho, wa kukagua mmomonyoko wakati wa kiangazi tu, kwa sababu wakati wa mvua barabara za kwenda machimboni hujaa tope na magari ya ofisi hukwama, yaani tope lenyewe ndilo lililowazuia wenye kulisimamia wasilione, wakawa wanakwenda Agosti, vumbi likitimka, wanateremsha kioo cha gari, wanaona kitambaa kimesimama kwenye nguzo, wanapandisha kioo, na mwisho wa mwaka wanaandika kwamba hali ni shwari.

Na pale mwananchi alipokuja kulalamika walikuwa na jibu tayari, maana udongo ukiwa bado uko kilimani ulikuwa mali ya Idara, ukishaingia kwenye maji na kuanza kutembea ulikuwa mali ya Mamlaka ya Mito, na ukishatulia sebuleni kwa mtu ulihesabiwa kuwa takataka na kwenda Manispaa, hivyo mama mwenye tope mpaka magotini alizungushwa ofisi tatu, kila moja ikimwelekeza kwa adabu kabisa kwenye ofisi nyingine, na alipozimaliza zote tope lilikuwa limeshakauka, na tope kavu halikuwa la mtu yeyote.

Marehemu alinunua gambuti zake za kwanza kwa mshahara wake wa kwanza, akaanza kukagua siku za mvua, akipanda nyuma ya lori la mkandarasi au akitembea kwa miguu, mpaka alipopata bahati ya dereva mmoja wa Idara aliyekubali kumpeleka na kukwama naye, na kipimo chake kilikuwa teke, alikwenda kwenye kizuizi akakipiga teke chini, pale kitambaa kinapogusana na ardhi, na buti likipenya kwenda upande wa pili alijua kwamba hakikufukiwa, kimetundikwa tu kama nguo kwenye kamba, maji yanapita chini yake yakicheka, akasimamisha kazi papo hapo. Wakandarasi walimchukia, wakalalamika kwa wakubwa kwamba huyu mama anapiga mali za watu mateke, na wakubwa wakamwandikia onyo, wakisema ukaguzi wa Idara ni wa kuangalia, si wa kugusa.

Ni kizuizi hichohicho kilichomletea mume, kwa kuwa mwaka 1985 alipeleka kipande cha kitambaa kizito kwa fundi cherehani wa mtaa wa chini akitaka pindo refu la kufukia ardhini, na fundi, akidhani ni pazia, akamwuliza dirisha lina upana gani, akajibiwa kwamba upana wa kilima, fundi akacheka mpaka akajichoma sindano, na baba yetu huyu, aliyekaa hapa akiwa hacheki leo, husema kwamba tangu siku hiyo hakushona pazia la mtu mwingine kwa moyo wote. Walifunga ndoa tarehe 6 Desemba 1986, katika ofisi ya msajili, wakajaliwa watoto wawili wa kiume, wa kwanza mwaka 1988, sasa ni fundi umeme, wa pili mwaka 1991, sasa ni mwalimu, na mtoto wa tatu walimpata mwaka 2005 kwa njia ambayo historia hii inaifikia sasa hivi, kwa kuwa haina namna ya kuizunguka.

Mwaka 2003 upande wa kilima unaotazama mtaa wetu ulitolewa kwa mkandarasi achimbe kifusi, na marehemu, akiwa ndiye mkaguzi wa kilima hicho, alichora mahali pa bwawa la kutegea tope kwenye bonde dogo chini ya machimbo, juu kidogo ya nyumba za mwisho, mahali ambapo hata mtoto mwenye ndoo angepaonyesha. Idara ilikubali mchoro, ikatenga fedha za mradi, kisha ikaunda kamati ya uzinduzi, na kamati ya uzinduzi ilipokwenda kukagua mahali ikakuta kwamba bondeni hakuna pa kufunga turubai la wageni wala pa kuegesha magari, wakati kule juu ya machimbo kuna uwanja mzuri wa tambarare wenye upepo, na hivyo, ndugu waombolezaji, bila mtu kulewa na bila mtu kushikiwa bunduki, watu wazima wenye vyeti walihamisha bwawa la kutegea tope wakalichimba juu ya mahali tope linapotokea. Lilizinduliwa tarehe 20 Septemba 2003, kukawa na hotuba, utepe ukakatwa, na aliyeshika sinia la mkasi siku ile, akiwa ofisa kijana wa itifaki, ndiye Mkurugenzi wa leo, aliyekaa kiti cha pili kutoka kulia, na tunamshukuru kwa kufika.

Marehemu hakuhudhuria, ila kesho yake aliingia kwa Mkurugenzi wa wakati ule, chumba chenye zulia na ramani kubwa ya kilima ukutani, akamwonyesha kwa kidole kwamba machimbo yako hapa, bwawa liko huku juu, na mtaa uko kule chini, akamwomba walichimbe upya bondeni kabla mvua hazijaanza, na Mkurugenzi, aliyekuwa akipangusa miwani, akamjibu maneno ambayo nyumbani tumeyarudia mara nyingi mezani, "Mama, bwawa limeshazinduliwa. Tutalizinduaje mara ya pili?" Marehemu akamwambia, "Maji hayakualikwa siku ile, bosi, ndiyo maana hayana habari kwamba yanatakiwa kupanda." Akatolewa nje kwa utovu wa nidhamu.

Lililofuata, hata marehemu angelisikia kwa mtu asingeliamini, kwa maana Idara ilikwenda kupima bwawa lake mwaka uliofuata, mwezi wa Agosti kama kawaida, ikakuta maji ni meupe kabisa, hakuna tope hata la kujaza kikombe, na badala ya kujiuliza bwawa la kutegea tope linakosaje tope, iliandika kwamba mmomonyoko katika kilima kile umekwisha, ikapandikiza samaki, ikaweka na benchi. Kule chini mtaro wetu ulikuwa umejaa hadi ukingoni, na mdogo wake marehemu, aliyekuwa na saluni ya vyumba viwili katika nyumba ya mwisho, ile iliyoegemea kilima, akawa kila mvua inaponyesha anampigia dada yake simu na kumtania kwamba, dada, njoo uchukue tope lako limekuja kusuka, na marehemu alikuwa anakwenda kweli, baada ya kazi, na jembe, wakatoa tope pamoja, mmoja akiimba na mwingine akiitukana Idara kwa mpangilio wa vyeo.

Alimwomba mdogo wake ahame, alimwomba zaidi ya mara moja, na mdogo wake alimjibu kwamba wateja wake wako pale, na kwamba kama mkaguzi wa serikali ni dada yake wa tumbo moja basi yeye ndiye mtu aliye salama kuliko wote mtaani, alilisema hilo kwa kucheka, wala hakuwa na nia ya kumuumiza mtu, lakini marehemu alilibeba neno hilo mpaka mwisho.

Tarehe 17 Aprili 2005, mchana, baada ya mvua ya siku kadhaa, rundo la kifusi lililokuwa limelegea kilimani liliteremka lote, likapita penye lile bonde dogo ambalo lilipaswa kuwa na bwawa na halikuwa nalo, likaangusha ukuta wa nyuma wa saluni, na mdogo wake marehemu, ambaye alikuwa chumba cha nyuma akipandisha mashine ya kukaushia nywele juu ya kabati kama alivyofanya kila mvua, alifukiwa humo. Wateja waliokuwa chumba cha mbele walitoka wazima, mtoto wake, huyu anayesoma, alikuwa shuleni, na marehemu alifika akiwa na gambuti zake, akachimba na majirani mpaka jua likakaribia kuzama, akamkuta, akamtoa mwenyewe, akamfuta uso kwa kitambaa cha kichwani, na tangu siku hiyo hakuna mtu aliyemsikia akitukana Idara kwa sauti ya juu, alianza kuitukana kwa sauti ya chini, na ilikuwa mbaya zaidi. Mtoto alichukuliwa usiku uleule, akapewa kitanda katikati ya kaka zake, na hakuna siku aliyoambiwa kwamba si wa pale.

Idara iliunda kamati, kamati ikafika mtaani jua lilipowaka, ikaketi kwenye turubai, ikahitimisha kwamba chanzo ni nguvu za asili, na kwa kuwa taarifa ilihitaji mkono wa mkaguzi wa kilima ndipo iwe halali, waliipeleka mezani kwa marehemu, siku chache baada ya kumzika mdogo wake, pamoja na kalamu mpya na pole za ofisi. Hakutia saini. Walimwita mara ya pili, wakamweleza kwa upole kwamba asipotia saini atakuwa amejitia kitanzi mwenyewe, kwa kuwa kilima kile kilikuwa chini yake, na kwamba akitia saini kuna cheo cha mkaguzi mkuu kinachomsubiri, akawauliza hizo nguvu za asili zilivaa suti ya rangi gani siku ya uzinduzi, na hapo mazungumzo yakafungwa, taarifa ikatiwa saini na mtu wa ofisi nyingine ambaye hakuwahi kukiona kilima, na marehemu akahamishiwa stoo ya mabango.

Stoo ya mabango ni chumba kimoja nyuma ya karakana, hakina dirisha, kina harufu ya rangi na bati, na humo Idara iliweka mabango yanayosema tunza udongo ukutunze, mengi kuliko idadi ya vilima nchini, na humo ndimo mkaguzi bora kuliko wote waliopata kuajiriwa pale alikaa miaka kumi na sita akitoa na kupokea mabango, huku walioshindwa kutofautisha juu na chini wakipanda vyeo hadi ghorofa ya nne. Familia haitafuti neno laini kwa jambo hilo. Ilikuwa ni aibu, na waliokuwepo wanajijua.

Lakini marehemu hakuwa mtu wa kukaa akijihurumia, kwa hiyo kuanzia likizo yake ya mwaka 2006 alishuka bondeni na jembe, pale alipokuwa amechora tangu mwanzo, akaanza kuchimba bwawa, mumewe akashona vizuizi nyumbani kwa mashine yake, vyenye pindo refu la kufukia, wifi zake wakaja, majirani wakaja, wengine kwa kumhurumia na wengine kwa kuogopa kilima, na likizo baada ya likizo bwawa likakua, hadi mwaka 2009 lilipokamilika, likiwa na ukingo wa mawe ambao babu yetu fundi uashi, akiwa amekwishazeeka, aliusimamia akiwa kwenye kiti. Mvua za mwaka huo bwawa lilijaa tope mpaka juu, na mtaro wa mtaa ukapitisha maji tu, na marehemu alisimama ukingoni akalitazama tope lile kwa muda mrefu, uso haukukunjwa, akasema kwamba hivi ndivyo bwawa chafu linavyopendeza, kisha akachukua jembe kuanza kulizoa. Toka mwaka ule mpaka leo hakuna nyumba ya mtaa wa chini iliyoingiwa na tope, na wenye ushahidi mko hapa na viatu vyenu vikavu.

Habari zikafika ghorofa ya nne, na Idara, ambayo haikutoa jembe wala mpini, iliamua kwamba bwawa lile ni mradi wake, ikaagiza bango lenye maandishi ya mafanikio ya Idara, na kwa kuwa mabango yote hutoka stoo, ofisa aliyetumwa alilazimika kwenda kuliomba kwa marehemu mwenyewe, naye akalitafuta, akalipangusa vumbi, akalikabidhi kwa utaratibu wote, akamtakia safari njema. Likasimikwa bondeni, picha zikapigwa. Wiki iliyofuata bango halikuwepo, na marehemu alipoitwa kujieleza alijibu kwa barua ya mstari mmoja kwamba nguzo yake imeng'olewa na nguvu za asili, na wale mliowahi kula mayai nyumbani kwetu mnajua banda la kuku lina mlango wa bati wenye maneno gani.

Alistaafu tarehe 14 Machi 2021, akaagwa kwa soda ofisini, Mkurugenzi wa sasa akasoma hotuba iliyomsifu kwa utunzaji bora wa mabango, wakampa cheti ndani ya fremu, na alipofika nyumbani akavaa miwani akaona kwamba cheti kimeandikwa jina la mhasibu aliyestaafu mwaka mmoja kabla, hakukirudisha, alikitundika chooni, akasema huko ndiko atakakopata nafasi ya kukisoma kwa utulivu.

Marehemu alianza kusumbuliwa na figo mwezi Julai 2022, akatibiwa katika hospitali ya mkoa, kisha akahamishiwa hospitali ya rufaa ambako alikuwa akisafishwa damu, na katika kipindi chote hicho hakuacha kuuliza kama bwawa limezolewa, mpaka mwezi uliopita watoto wake walimpeleka kwa kiti cha magurudumu hadi ukingoni akalione kwa macho, akaagiza mawe mawili yaliyolegea yarudishwe, yakarudishwa mbele yake. Alifariki dunia tarehe 9 Aprili 2024, alfajiri, akiwa na mumewe na mtoto anayesoma historia hii, mvua ikinyesha dirishani, na baba yetu anasema alikuwa akiisikiliza kama mtu anayesikiliza kazi yake ikienda vizuri.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa hospitali zote mbili, hasa muuguzi wa zamu ya asubuhi aliyevumilia kukaguliwa jinsi anavyomwaga maji, inawashukuru majirani wa mtaa wa chini kwa majembe, kwa vyakula na kwa kulala nasi tangu msiba ulipotokea, na inamshukuru kutoka moyoni dereva mstaafu wa Idara, aliyekaa kule nyuma, ambaye alikwama na marehemu kwenye tope pasipo kulalamika na kupewa barua za onyo zinazotosha kuezekea kibanda, huyu ndiye mfanyakazi mwenzake. Wengine wa Idara tunawashukuru kwa shada la maua, na kwa karatasi mliyomkabidhi msomaji mlangoni asubuhi hii ili aisome, isemayo kwamba marehemu alishirikiana na Idara kufanikisha mabwawa yote mawili ya kilima, karatasi hiyo haitasomwa, imewekwa mahali pazuri, chini ya mguu wa meza hii iliyokuwa ikiyumba.

Limebaki agizo la marehemu, ambalo alilitoa wiki mbili kabla ya kufariki, akiwa na akili zake timamu, mbele ya mumewe na watoto wake wote watatu. Alijua kwamba Idara ingekuja, alijua mngeketi mbele, na alijua kwamba saa ya kuzika ingefika mngeitwa kwa vyeo, kila mmoja akachukua udongo kidogo kwa ncha za vidole, akautupa kaburini, akapangusa mikono na kurudi garini, naye hakutaka hivyo, alimshika mtoto wa mdogo wake mkono akasema, "Mdogo wangu walimzika wakiwa wamekaa ofisini. Mimi wanizike wakiwa wamesimama."

Kwa hiyo leo vijana wa mtaa hawatashika kazi, watapumzika, na kando ya kaburi pale mnaona mabeleshi ambayo majirani wametuazima, yanatosha safu yote ya mbele, udongo ni ule mlioukuta umerundikwa, hauko mtoni wala sebuleni kwa mtu, uko nchi kavu na ni mali ya Idara bila ubishi, na ninyi mtaurudisha wote mahali pake, mpaka wa mwisho, ikiwa ni mara ya kwanza tangu Idara ianzishwe, na kama mvua itaendelea kunyesha hivi hakuna kungoja kiangazi. Gambuti za marehemu zipo pale kwenye kona ya kaburi, zimeoshwa, namba arobaini na moja, Mkurugenzi zitamtosha, alimpima kwa macho siku ya kustaafu.

Mama Gambuti, mama mkubwa, mama, mtaa wako ni mkavu, bwawa lako ni chafu, na mdogo wako yuko hatua chache kushoto kwako. Pumzika kwa amani waliyokunyima kazini, na wao wasipumzike mpaka kaburi lijae.